Wahusika Wako Wasifunikwe na Ulimwengu wa Kitabuni

Umenunua kitabu kinene cha ulimwengu wa kubuni: ramani, orodha za wafalme, miungu, koo za wachawi, hata bei ya farasi. Unataka kuendesha kampeni ndani yake, yaani hadithi ya vikao vingi, na rafiki zako. Kikao cha kwanza hakijafika nusu, mmoja anauliza: "Kama nchi hii ina mchawi aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja, na mungu wa uchawi mwenyewe anamsikiliza, sisi wenye panga za kuazima tunatafuta nini hapa?"

Ana haki ya kuuliza. Nawe msimamizi wa mchezo unatakiwa uwe na jibu kabla dadu haijarushwa, maana swali hilo lisipojibiwa litarudi kila hatari inapozidi.

Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii: msimamizi anaeleza mahali na kuwasemea watu wote wa pembeni, kila mchezaji anashika mhusika mmoja, na dadu huamua lenye shaka. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons mwaka 1974 hawakuifungasha pamoja na ulimwengu kamili; kila meza ilijibunia wake. Greyhawk, ulimwengu wa Gygax, ulipochapishwa 1980 ulikuwa kijitabu cha kurasa 32 na ramani zake. Mwaka 1987 kampuni ya TSR ikatoa Forgotten Realms, ulimwengu ambao Ed Greenwood wa Kanada alianza kuubuni akiwa mtoto, na tangu hapo riwaya na vitabu vya mchezo vimerundikana juu yake. Humo ndimo anamoishi Elminster, yule mchawi mzee aliyemtia rafiki yako wasiwasi. Humo pia yumo Drizzt Do'Urden, mpiganaji wa R. A. Salvatore aliyejitokeza katika riwaya ya 1988 na kupata mashabiki ambao hawajawahi kushika dadu maishani mwao.

Wapo watakaokushauri uache vitabu hivyo ubuni ulimwengu wako. Sikubaliani nao. Msimamizi aliyejibunia mfalme anampenda mfalme huyo kuliko atakavyowahi kumpenda Elminster. Amemlea, amempa historia na usemi wake, na hatakubali auawe kwa dadu moja ya bahati. Nimeona wahusika wengi zaidi wakifunikwa na viumbe vya msimamizi mwenyewe kuliko na viumbe vya kitabuni. Ukubwa wa ulimwengu si tatizo. Wahusika hufunikwa na rafiki mkubwa anayewafanyia kazi yao, na historia inayokwenda bila kuwahitaji. Kuna na jambo la tatu, la nani anaujua ulimwengu na nani haujui, ambalo huuma polepole zaidi, nitalifikia.

Pima kwanza

Kumbuka kikao chenu kilichopita. Tafuta zile nyakati ambazo mambo yaligeuka: msaliti alitambuliwa, lango lilifunguliwa, kijiji kiliamua kupigana badala ya kukimbia. Jiulize kwa kila moja ni nani aliyeligeuza. Ikiwa ni mhusika wa mchezaji, hata kama alikosea na nusu ya kijiji ikaungua, hakuna aliyefunikwa. Ikiwa jibu ni jina lililo kwenye kitabu chako, au jina ulilobuni wewe, hapo pana kazi ya kufanya. Usiwapime kwa ngazi wala kwa nguvu za mapigano. Mhusika wa ngazi ya kwanza anayeamua nani aokolewe ana uzito kuliko wa ngazi ya kumi na tano anayemfuata jemadari nyuma na kumshikia ramani.

Adui mkubwa, rafiki mkubwa

Mchukue Strahd, bwana wa Barovia katika Ravenloft, hadithi ya mchezo ambayo Tracy na Laura Hickman waliitoa mwaka 1983. Ni mnyonya damu wa kale, mtawala wa nchi iliyozungukwa na ukungu usiomruhusu mtu kutoka. Ana nguvu kuliko wahusika wote wakijumlishwa, na anaweza kutokea mlangoni pao usiku wowote. Hata hivyo wachezaji hawatoki Barovia wakinung'unika kwamba Strahd amewafunika. Nguvu zake zote ziko upande wa pili, na kila hatua wanayopiga dhidi yake ni yao. Adui mkubwa huwakuza. Mpe mtu huyohuyo nguvu hizohizo, umweke upande wao, na ndani ya vikao viwili wachezaji watakuwa wanamwangalia yeye kabla ya kusema neno.

Kwa hiyo usihangaike kuwapunguza maadui wa kitabuni. Waache walivyo. Kazi yako iko kwa marafiki.

Mfano mzuri wa namna ya kumwingiza rafiki mwenye cheo uko katika Lost Mine of Phandelver, hadithi iliyokuja na sanduku la wanaoanza la mwaka 2014. Sildar Hallwinter ni askari mzoefu na wakala wa muungano wa mabwana wa miji. Anajua mengi kuliko wahusika, amepigana vita vingi kuliko wao, na kwa haki yote angeweza kuwa kiongozi wa msafara. Lakini wachezaji wanakutanaje naye? Wanakuta farasi wawili wamekufa njiani, mishale imewachoma. Wanafuata nyayo hadi pangoni kwa magoblini. Wanamkuta amefungwa kamba, amepigwa, na goblini aitwaye Yeemik amemshikilia ukingoni tayari kumwangusha endapo hawatakubali masharti yake: wakamwue Klarg, mkubwa wa pango, ili yeye Yeemik atawale. Wachezaji wanakaa wanabishana. Mmoja anataka kumdanganya, mwingine anapima umbali wa kurusha kisu. Sildar hawezi kuamua lolote. Baadaye akishafunguliwa ndipo anaposema yeye ni nani, na cheo chake kinamwongezea heshima yule aliyemwokoa.

Jifunze mpangilio huo. Mtu mkubwa aingie na shida kwanza, cheo baadaye. Sildar huyo anakuwa chanzo cha habari na cha malipo, anafika mji wa Phandalin, na huko ana mambo yake ya kufuatilia. Ukilazimika kumbakiza na wahusika safarini, mkabidhi mchezaji mmoja amrushie dadu kwenye mapigano, usimpiganishe wewe. Na watu wako wawili wa pembeni wasizungumze wao kwa wao kwa zaidi ya sentensi mbili. Wakizidisha hapo, unaongea peke yako mbele ya watu waliokuja kucheza.

Turudi kwa Elminster. Siku moja wachezaji watasema: "Kwa nini tusimwandikie barua?" Wasimamizi wengi hubabaika na kutunga udhuru: mchawi anaumwa, mchawi yuko ulimwengu mwingine. Udhuru wa kwanza utaaminika. Wa tatu utachosha. Waache waandike. Shadowdale, anakoishi Elminster, iko mbali mno na Phandalin, upande wa pili wa jangwa la Anauroch, kwa hiyo nani ataipeleka barua, kwa fedha za nani, na ikisomwa njiani itakuwaje? Hayo tayari ni maamuzi yao. Jibu likifika, liwe na kitu cha kweli ndani yake, labda jina la mtu au onyo moja, na liwe na ombi. Elminster anataka kujua ni nani mjini kwao anayenunua vitabu vya zamani. Hawezi kuja kuangalia mwenyewe kwa sababu anaangaliwa: kundi la Zhentarim linahesabu hatua zake, na wachawi wekundu wa Thay, ambao Szass Tam amewashika mkononi, wangefurahi sana kusikia ametoka nyumbani. Wakubwa wa ulimwengu huu wamezuiliana, na nafasi iliyobaki katikati yao ndiyo wanamopita watu wasiojulikana. Hapo mhusika wa ngazi ya pili anapata kitu ambacho mchawi mzee hana: anaweza kuingia sokoni bila mtu kugeuza shingo.

Mbunifu Keith Baker alilitatua jambo hili la wakubwa tangu kwenye msingi. Kampuni ya Wizards of the Coast ilipotangaza mwaka 2002 kwamba inatafuta ulimwengu mpya, yalifika mapendekezo zaidi ya 11,000, na lake likashinda. Eberron ilitoka 2004. Humo wenye nguvu za kupindukia walio upande wa wema ni wachache, na hawatoki mahali walipo. Jaela Daran, mkuu wa Kanisa la Mwali wa Fedha, ni mtoto wa miaka 11. Nguvu zake kubwa anazo akiwa Flamekeep tu, akitoka nje zinapungua kabisa. Oalian, druidi mkuu kuliko wote, ni mti wa msonobari, na haendi popote. Vita vya karibu miaka mia moja vimekwisha mwaka 996 wa kalenda yao, kampeni inaanza 998, amani haina mizizi, na hakuna mkubwa wa kuja kuishika. Ukiwa na uhuru wa kuchagua na ndio unaanza, ningekuelekeza huko. Ila ukiwa tayari umeipenda Forgotten Realms, usiiache. Jaela na Oalian unaweza kuwaiga popote. Mpe kila mkubwa wako mahali asipoweza kutoka bila kupoteza kitu.

Chagua mahali na mwaka

Phandalin ni mji mdogo wa mpakani. Genge la Redbrands linawatisha wenye maduka, mkuu wa mji ni mwoga, na mji mkubwa wa karibu, Neverwinter, ni safari ya siku kadhaa. Udogo huo ni zawadi. Chambua ramani yako utafute mahali pa namna hiyo, pawe na watu wenye majina na shida, pasiwe na mtu wa kukimbilia. Ukianzia Waterdeep, mji wenye wachawi wakubwa, mabwana na walinzi wa kila aina, utajikuta kila jioni unaeleza kwa nini hao wote hawakutokea.

Mwaka una uzito uleule, na wengi huupuuza. Waliotengeneza michezo ya ulimwengu wa Tolkien waliliona hili. Kampuni ya Iron Crown walipotoa mchezo wao mwaka 1984 waliweka vitabu vyao vingi karibu na mwaka 1640 wa Enzi ya Tatu, karne kadhaa kabla Frodo, mbeba pete wa riwaya, hajazaliwa. The One Ring, uliotoka 2011, ulichagua mwaka 2946, miaka mitano baada ya Vita vya Majeshi Matano. Msomaji wa riwaya anajua kwamba giza linakusanyika na kwamba vita kubwa itakuja mwaka 3018. Katikati kuna miongo saba ambayo Tolkien aliigusa kwa kifupi tu, na njia za msituni bado zinahitaji watu wa kuzilinda. Hakuna pete ya kubeba hadi Mordor, kwa hiyo hakuna anayejiona amekalia kiti cha mtu mwingine.

Sasa tazama kinyume chake. Dark Sun ilitoka 1991: dunia ya jangwa, miji inayotawaliwa na wafalme wachawi, chuma adimu kuliko maji. Kalak, mfalme wa Tyr, ndiye adui ambaye kila mchezaji angeota kumwangusha. Mwaka uleule ikatoka riwaya ya Troy Denning ambamo Kalak anauawa, na hadithi ya mchezo iitwayo Freedom ambamo wahusika wa wachezaji, wakiwa watumwa wanaojenga zigurati ya mfalme, wanakuwapo siku hiyo. Wako kwenye umati. Mkuki unarushwa na shujaa wa riwaya. Tukio kubwa kuliko yote katika mji huo, na wachezaji wamepewa tiketi ya kulitazama. Hili linanisikitisha hadi leo, kwa sababu ulimwengu wenyewe ni miongoni mwa malimwengu bora yaliyowahi kuchapishwa. Ukiwa na Dark Sun rafuni, anza kabla ya siku hiyo, na umwache Kalak hai hadi watakapomfikia wenyewe. Wakishindwa, Tyr itaendelea kuteseka, na hiyo nayo ni hadithi.

Vita uliyoipenda riwayani haikufungii mlango. Dragonlance ilipoanza mwaka 1984, wachezaji walipewa washike Tanis, Raistlin na wenzao, mashujaa walewale wa riwaya za Margaret Weis na Tracy Hickman. Shadow of the Dragon Queen, iliyotoka 2022, inarudi kwenye vita ileile lakini inawapeleka wachezaji na wahusika wao wenyewe Kalaman, mji ambao lazima mtu aulinde na mashujaa wa riwaya hawapo. Fanya hivyo. Vita kubwa ina miji mingi, na riwaya haiwezi kuwa kila mahali.

Kitabu kinakoma siku ya kwanza

Waambie wachezaji kwa sauti, kabla ya kuanza: kila kilichoandikwa ni kweli hadi asubuhi ya leo, na kuanzia leo hakuna kitabu kinachojua yatakayotokea. Vitabu vya Hârn, ulimwengu wa N. Robin Crossby wa mwaka 1983, vimelifanya hili kuwa kanuni: vyote vinasimama mwaka 720 wa kalenda yake, na yanayofuata ni ya meza yako. Eberron nayo haisogezi mwaka. Kitabu cha 2019 bado kiko 998. Forgotten Realms ilikwenda njia nyingine. Mwaka 2008 wachapishaji waliruka takriban miaka mia moja mbele, wakamwua mungu wa uchawi na kubadilisha nusu ya ramani. Hulazimiki kuruka nao.

Ahadi hiyo ina gharama, na uilipe. Tuseme Dagult Neverember anatawala Neverwinter. Wahusika wako wakimfichua, wakamwondoa, usimlete binamu yake kesho yake ili mambo yarudi kitabuni. Kiti kiwe wazi. Wafanyabiashara wagombanie funguo za bandari, mabwana wa Waterdeep watume mjumbe, na mjumbe huyo atafute nyumba wanamokaa wahusika, kwa kuwa ndio waliosababisha yote haya.

Anayejua na asiyejua

Nilisema kuna jambo la tatu. Meza nyingi zina mtu mmoja aliyesoma kila kitu na watatu wasiosoma. Mchezaji wa kuhani anaeleza jinsi anavyosali alfajiri, na msomi anamkatiza: "Makuhani wa mungu huyo husali usiku." Hakuna zimwi lililotokea, hakuna mchawi wa miaka elfu, lakini yule mchezaji amenyamaza, na kikao kinachofuata atasema kidogo zaidi. Amekuwa mgeni katika ulimwengu ambao mhusika wake amezaliwa. Mara nyingi huyo msomi ni msimamizi mwenyewe, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Tiba yake ni kugawa mamlaka. Aliyeshika kuhani ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu hekalu lake. Aliyeshika mtoto wa baharia aulizwe yeye bandari inanukaje na nani anakula rushwa pale. Akijibu tofauti na kitabu, jibu lake ndilo sahihi, nawe uandike. Msomi wako usimfukuze wala usimwaibishe. Mpe mhusika mwenye elimu, na kila anachokijua kiwe kitu ambacho mhusika huyo anawapa wenzake wanapokihitaji. Mwambie pia mapema, mkiwa ninyi wawili tu, kwamba siri kadhaa umezibadilisha. Usimwambie zipi.

Ed Greenwood mwenyewe alikufungulia mlango huu. Habari nyingi za ulimwengu wake alizitoa kama maneno ya Elminster, na vitabu vya miongozo ya miji, kuanzia kile cha Waterdeep cha mwaka 1992, vimeandikwa kwa sauti ya msafiri Volothamp Geddarm, mwenye kutia chumvi, huku Elminster akimsahihisha pembeni. Kwa maana hiyo, sehemu kubwa ya unayoyasoma ni masimulizi ya mtu, na mtu hukosea. Ukiandaa kikao, andika ukurasa mmoja tu kwa ajili ya wachezaji: nani anatawala hapa, watu wanaogopa nini, wanasali wapi, chakula kinatoka wapi. Mengine wayakute njiani.

Kama kampeni imeshaanza na mmeshafunikwa, usimwue mkubwa wenu ghafla ili kutoa nafasi. Wachezaji wataona mkono wako, na wataanza kumlilia yeye badala ya kushika usukani. Mfanye akosee jambo zito, akiwa na nia njema. Awe amemwamini mtu asiyefaa, na wahusika wawe na ushahidi mkononi ambao yeye hana. Aje kwao usiku kuomba ushauri, kisha unyamaze, usimpe la kuongeza, hadi mmoja wao aseme. Litakalosemwa, mkubwa huyo alifuate hata kama wewe ulikuwa na mpango bora.

Na wachapishaji wakitoa kitabu kipya cha ulimwengu wenu, kisome ukiwa na penseli. Chukua majina ya vijiji, michoro ya mahandaki, mazimwi, bei za vitu. Ukifika kwenye sura inayoeleza nani ameshika ufalme sasa, fungua daftari lenu kwanza uone wahusika wako walimwacha nani kwenye kiti hicho.